Jicho la Mwenye Kisukari Linapokuwa Jekundu Bila Kuuma

Ninyi mnaoanza mafunzo kwa vitendo katika kliniki za macho hapa Mwanza mtafundishwa mapema kuhusu kisukari na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ni sawa, kwa kuwa retina ndiyo inayopofusha wagonjwa wengi wa kisukari. Mimi nawaomba msimame kwanza kwenye konea, kile kioo angavu cha mbele ambacho huwa tunakipita haraka tukiwahi kupanua mboni.

Nilipokuwa mgeni wa kazi nilimpokea mama mmoja anayeanika dagaa Kayenze, mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye jicho lake lilikuwa jekundu kwa wiki nzima. Alisema haliumi, linakwaruza kidogo tu, nami nikatulia na kumdondoshea dawa ya ganzi ili nipime presha ya jicho. Nilipoweka rangi ya fluoresini na kuwasha mwanga wa buluu, katikati ya konea paling'aa mchubuko mpana wa kijani ambao mtu mwingine asingeweza kufumbua jicho kwa maumivu yake. Kufikia hapo sikuweza tena kujua kama ganzi ile ni ya kisukari au ni ya chupa yangu, ikabidi nimsubirishe hadi dawa iishe nguvu.

Konea haina mishipa ya damu, lakini imejaa neva kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Neva hizo hutoka kwenye tawi la kwanza la neva ya tano ya kichwa, huingilia pembezoni, kisha hutandaa kama wavu wa dagaa chini ya tabaka la juu. Hazihisi vumbi tu; ndizo zinazochochea kupepesa na kutoa machozi, na hutoa kemikali zinazolisha seli za tabaka hilo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, neva hizi hupungua kama zinavyopungua zile za miguuni, na hadubini ya konfokali, inayoweza kuona neva ndani ya konea ya mtu aliye hai, imeonyesha upungufu huo hata kwa watu ambao retina zao bado ni safi. Wakati huohuo sukari hugandamana na protini za utando unaoshikilia seli za juu, kwa hiyo seli hubanduka kirahisi na huchelewa kurudi. Mchubuko mdogo ambao kwa kawaida hufunga ndani ya siku chache huweza kubaki wazi kwa wiki kadhaa, na hapo bakteria na kuvu hupata njia.

Kwa hiyo, kabla ya tone lolote, sokoteni ncha ya pamba safi iwe nyembamba kama uzi. Mgonjwa atazame mbele, nanyi mwilete kutokea ubavuni, maana akiiona atapepesa kwa kuiona. Guseni konea yenyewe bila kugusa kope, kisha linganisheni macho mawili, mkikumbuka kwamba ulinganisho huo hudanganya: kisukari mara nyingi hufifisha yote mawili, ilhali ganzi ya jicho moja inapaswa kuwafanya mfikirie virusi vya herpesi. Andikeni matokeo kwenye faili. Dawa ya ganzi mgonjwa asiende nayo nyumbani kamwe, kwani huchelewesha kidonda kupona, na muulizeni kwa upole kama ameshatia dawa ya miti shamba. Ukimuuliza kwa ukali atakataa.

Uangalizi huohuo unahitajika baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa sababu kisu hukata baadhi ya neva chache zilizobaki. Kwa anayetoka Ukerewe, ambaye kila safari ni nauli ya kivuko na siku nzima ya kazi kupotea, kumwambia arudi akisikia maumivu hakumsaidii. Mimi humwambia arudi akiona wekundu, ukungu au machozi yasiyokatika, hata kama jicho haliumi, na maneno hayo huyaandika kwenye kadi yake ili na wa nyumbani wayasome.