Re: Mzazi anawezaje kumtesa mtoto aliyemzaa mwenyewe?

Mkuu umeuliza huyo jirani yako anawezaje kumchoma mwanae kwa kijiko cha moto, wengi humu wamejibu ni roho mbaya au mapepo. Mi nitofautiane nao. Niko kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu hapa Dar, na kesi nilizokaa nazo sijakuta yenye sababu moja.

Kuna dada alikuwa anampiga mwanae kwa waya wa pasi, ukisikia juu juu unasema huyu mnyama. Tulivyokaa nae taratibu ndo yakaanza kutoka, mume kaondoka hatumi hata mia, kachukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba ya kuumiza, aendeleze biashara yake ya genge, marejesho kila siku na wale jamaa wanakuja kumdhalilisha mbele za watu, jioni anarudi hana kitu anakuta mtoto kakojoa kitandani tena. Na yeye mwenyewe kwao alikuwa anafungwa kamba kwenye mwembe anachapwa, akatwambia "mbona nimekua?" Yani kwake yale ni malezi kabisa! Majirani nao, nyumba ya kupanga ukuta kwa ukuta, wanasikia wanasema hayo mambo ya familia.

Msinielewe vibaya, sio umaskini peke yake, wapo wenye hali ngumu kibao hawagusi watoto, na kwenye nyumba za mageti yapo sana tu ila yanafichwa. Ule utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili kwa watoto hapa Tanzania ulionyesha karibu robo tatu ya vijana walishafanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18, sasa mapepo gani hayo yaenee nchi nzima? Hata Sheria ya Mtoto ya 2009 bado inaacha mwanya wa mzazi kumrudi mtoto mradi isizidi kiasi. Kiasi anakipima nani, mtu ana hasira na madeni saa tatu usiku?

Ukatili wa kingono naweka pembeni, huko habari ya maisha magumu siisikilizi. Mara nyingi ni mtu anayeaminiwa, mjomba, baba mlezi, halafu ukoo unakaa kikao wanapigana faini yaishe kimyakimya, mtoto anabaki nyumba ileile na aliyemharibu. Inaniuma sana hii.

Yule wa waya, afisa ustawi alimpeleka mtoto kwa bibi yake kwanza ndo tukaanza kukaa na mama. Na wewe fanya hivyohivyo, usisubiri umwelewe jirani yako, piga 116 ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto hapo polisi. Leo hii mkuu, kidonda cha moto hicho.