Uhandisi wa Jumla, au Nichague Fani Mapema?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimemaliza kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nasubiri dirisha la udahili. Mitambo naipenda, umeme nao unanivuta. Kaka ananisukuma nisome ujenzi kwa sababu reli ya kisasa (SGR) inajengwa kutoka Tabora kuja huku kwetu. Nimesikia kuna shahada ya uhandisi wa jumla, ambayo mtu huchagua fani baadaye. Inanifaa?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba. Tuanze na kaka. Shahada ya uhandisi nchini ni miaka 4, na kazi ya tuta na madaraja inaweza kuwa imekwisha kabla hujavaa joho. Kitakachobaki ni kuiendesha. SGR hutumia umeme, kwa hiyo watatakiwa watu wa nyaya za juu, vituo vya kupoza umeme, mifumo ya ishara na matengenezo ya vichwa vya treni. Fani ni ya maisha. Usiichague kwa ajili ya mradi mmoja.

Uhandisi wa jumla upo, ila ujue ulivyo. Cambridge na Oxford, kule Uingereza, wanafunzi wote wa uhandisi husoma pamoja miaka 2 ya mwanzo: hisabati, mekanika, umeme, joto, vimiminika. Baada ya hapo kila mmoja huelemea upande wake. Maana yake uhuru wa kuchagua uko mwanzoni tu. Vyuo vyetu kwa kawaida hukudahili kwenye fani tangu siku ya kwanza, na kuhama baadaye kunategemea nafasi na sifa zako. Usijenge mpango wako juu ya uhamisho.

Ushauri wetu: chagua fani ambayo yenyewe ni pana. Mitambo ni pana sana, na elektromekaniki, pale inapofundishwa, inaunganisha vyote viwili unavyovipenda. Chukua kiwanda kidogo cha mawese: kuna boila ya kuchemshia matunda, kinu cha kukamulia, mota na swichi zake, pampu na mabomba. Kikisimama, mwenye kiwanda hana uwezo wa kuita wahandisi wanne.

Kabla ya kujaza maombi, omba orodha ya masomo ya miaka yote 4. Jina la shahada peke yake halikwambii kitu. Tafuta saketi na mashine za umeme, thermodainamiki, mekanika ya vimiminika, usanifu wa mashine na mifumo ya udhibiti. Kisha kodolea macho mwaka wa 3 na wa 4. Ukikuta bado ni utangulizi wa hiki na utangulizi wa kile, achana nayo. Hapo ndipo shahada za jumla huumiza watu: tangazo la kazi huandika "uhandisi mitambo" au "uhandisi umeme", na anayechuja maombi huangalia kwanza jina lililo kwenye cheti.

Pia uliza Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kama shahada hiyo inatambuliwa, na kwa fani ipi. Ukihitimu husajiliwa kama mhandisi mhitimu. SEAP, yaani mafunzo ya kazini ya miaka 3 chini ya msimamizi, ndiyo njia ya kuelekea uhandisi mtaalamu.

Na hii miezi ya kusubiri isipite bure. Sapu (mitihani ya marudio) za mwaka wa kwanza, na hata kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli), mara nyingi hutoka kwenye hisabati na mekanika, fani yoyote utakayochukua. Rudia vekta na kalkulasi.

SWALI: Mimi nilisoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na BAM, ile hisabati ya msingi, nimefaulu vizuri. Naweza kuingia uhandisi?
Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Moja kwa moja, kwa kawaida hapana, vyuo hutaka Fizikia na Hisabati ya juu, na BAM haishiki nafasi yake. Njia ni mbili. Fanya mtihani wa Hisabati ya juu kama mtahiniwa wa kujitegemea, au soma stashahada ya uhandisi kwenye chuo cha ufundi kisha uombe shahada kwa cheti hicho. Ukienda na stashahada, usishuke chini ya GPA 3.0.