Kukatwa ushuru wa nyumba sio kuweka diposti, nlijua nikiwa nimechelewa

Wacha niwaambie venye nlijidanganya karibu mwaka mzima. Mimi naishi Pipeline, Nairobi, bedsita, elfu saba na mia tano kila mwezi, maji yanapanda orofa ya sita mara mbili kwa wiki, na mshahara wangu ni elfu thelathini na mbili. Sasa 2023 payslipu ikaanza kutoka na laini mpya, Sh480 za ushuru wa nyumba, ambayo ni ile asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato mengine, na mwajiri naye anaweka kama hiyo. Nikamwambia mama watoto tulia, serikali inatuwekea, siku moja tutaitwa tuchukue ufunguo.

Hakuna mtu ataitwa. Ile 480 ni ushuru kama ushuru mwingine, inaingia kwa mfuko wa serikali wa kujenga nyumba za bei nafuu, haina jina lako. Na msinicheke, juu hii kitu ilichanganya watu wengi: mswada wa 2023 mwanzo ulisema asilimia 3 na ungerudishiwa pesa yako baadaye, ndio ikabadilishwa ikawa asilimia 1.5 na haurudishiwi kitu. Korti ikaitupa Novemba 2023, halafu Machi 2024 ikarudi na sheria yake yenyewe, na sai hata mtu wa jua kali anahesabiwa ndani. Kwa hivyo ukilipa ushuru na ukose kufanya kitu kingine, unawajengea wengine tu. Si vibaya, lakini ujue.

Chenye kinakuweka kwa foleni ni akaunti yako ya Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuombea hizo nyumba. Mimi nlijisajili 2019 na kitambulisho na PIN ya KRA, nikaona nimemaliza, kumbe kujisajili ni kubisha mlango tu. Lazima uweke akiba hapo, kidogo kidogo na M-Pesa, mpaka ufikishe diposti, na sheria ya 2024 iliiweka asilimia 10 ya bei, alafu ndio uombe nyumba ya mradi fulani. Piga hesabu: nyumba ya milioni mbili, diposti laki mbili. Mimi naweka elfu nne kwa mwezi, hiyo ni miezi 50. Ningeanza 2019 ningekuwa nimemaliza kitambo, na hapo ndio huwa naskia uchungu.

Ingine, jua uko kundi gani kabla uanze kutamani picha. Chini ya elfu ishirini kwa mwezi ni nyumba za jamii, elfu ishirini hadi 149,000 ni hizi za bei nafuu, juu ya hapo ni za watu wa kati. Zile za Mukuru zenye watu walipewa funguo Mei 2025, bedsita Sh3,900 kwa mwezi, ziliniwasha roho, nikakimbia kuuliza, kumbe mshahara wangu umepita kiwango cha hizo nyumba za jamii. Nimelipia bedsita ya Pipeline karibu mara mbili ya hiyo, na bado naambiwa mimi niko na pesa!

Sasa broka. Jameni. Kuna jamaa alinipigia akasema ako na mtu ndani, atanisongeza mbele kwa elfu tano tu. Nikatuma. Simu yake haijawahi kuingia tena. Kujisajili ni bure, na mtu akikuomba kitu kwa namba yake binafsi, kata simu tu, hata kama anajua jina la mama yako.

Kabla uchague mradi pia, enda uone mahali. Mimi nlishuka Ngara kuangalia zile za Park Road, nyumba 1,370, nikauliza wakaaji servis chaji, ile pesa ya kutunza jengo, ni ngapi, lifti ikiharibika nani anatengeneza, matatu hadi Industrial Area ni pesa ngapi asubuhi. Hiyo servis chaji ndio watu husahau. Na usiingie na mpango wa kuuza haraka upate faida, juu sheria inataka ruhusa ya bodi ya hizo nyumba za bei nafuu ndio uuze. Kuna rafiki yangu wa Kibra alipata zile za Soweto East 2016, akapangisha vyumba akarudi kwa mabati, si ati alikuwa mjinga, malipo yalikuwa yamemzidi na watoto wako shule. Sikumlaumu, lakini tangu hapo kila nikipiga hesabu huweka karo kwanza, nyumba inafuata.

Mpaka leo niko na elfu sitini na nane kwa akaunti. Mama watoto alikuwa ananiuliza kila siku za funguo, sai anauliza tu, "Ya mwezi huu umetuma?"