Maswali ya Wasomaji: Je, Burke Aliyasema Haya au Aliyaandika?

Barua tatu tulizopokea zinamhusu mtu mmoja, Edmund Burke, mwanasiasa wa Uingereza wa karne ya 18, na zote zinazunguka jambo lile lile. Kwa sababu hiyo tumeamua kuzijibu pamoja.

SWALI: Nimekuwa nikisoma hotuba ya Burke kuhusu kupatana na makoloni ya Amerika, aliyoitoa mwaka 1775. Ni ndefu, imejaa tarakimu, na sentensi zake zimepangika kama za kitabu. Wakati huo hapakuwa na chombo chochote cha kunasa sauti. Tunajuaje kwamba maneno haya ndiyo aliyoyatamka bungeni? Na kama siyo, kwa nini tuendelee kuyaita hotuba?

JIBU: Uhakika wa neno kwa neno hatuna, wala hatutaupata. Lakini tukiishia hapo hatutakuwa tumemtendea haki Burke, kwa kuwa maandishi hayo si ya kughushi hata kidogo, na namna yalivyotufikia inaeleza mengi kuhusu siasa za zama zake.

Burke, mzaliwa wa Dublin aliyesoma Trinity College kabla ya kuvuka kwenda London, aliingia katika Baraza la Makabwela, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, mwishoni mwa mwaka 1765 na kubaki humo hadi mwaka 1794. Mwaka 1738 Baraza hilo lilikuwa limeamua kwamba kuchapisha mijadala yake ni kuvunja haki zake, na uamuzi huo uliogopwa. Waliotaka kuripoti walilazimika kutumia hila: mwanzoni mwa miaka ya 1740 Samuel Johnson aliliandikia jarida moja la London mijadala iliyodaiwa kuwa ya bunge la nchi ya kubuni, na sehemu kubwa ya ufasaha uliomo ni wake yeye, si wa wabunge. Mwaka 1771 Baraza lilijaribu kuwakamata wapiga chapa waliokaidi. Meya wa London, Brass Crosby, akasimama upande wao, naye akafungwa katika Mnara wa London. Tangu hapo magazeti yaliachwa yaripoti, ingawa kanuni yenyewe haikufutwa, na kwa muda mrefu bado mtu aliyeketi roshani hakuruhusiwa kuandika chochote. Mwandishi wa magazeti William Woodfall alijipatia sifa kwa kusikiliza mjadala kwa saa nyingi na kisha kwenda kuuandika kutoka kichwani. Unaweza kujipimia mwenyewe ni kiasi gani cha sentensi ndefu ya Burke kingesalimika katika safari hiyo.

Upo ushahidi mwingine ulio bora kuliko magazeti. Mbunge mmoja, Henry Cavendish, aliandika mijadala kwa hati mkato, yaani alama fupi za kuandikia kwa kasi, kati ya mwaka 1768 na 1774, na madaftari yake yametuhifadhia Burke tusiyemkuta vitabuni, yaani Burke anayejibu papo kwa papo, anayekatizwa, anayeanza sentensi na kuiacha njiani. Msomaji anayemjua kwa vijitabu vyake tu atashangaa, na mshangao huo una faida, kwa sababu unamwonyesha ukubwa wa kazi iliyofanyika baina ya ukumbi na kiwanda cha chapa.

Burke alisimama kuzungumza mara nyingi mno, lakini hotuba alizozikabidhi mwenyewe kwa wapiga chapa ni chache sana, nazo hakuzichagua kwa pupa. Hotuba yake kuhusu kodi ya Amerika aliitoa tarehe 19 Aprili 1774, na haikuchapishwa hadi Januari 1775. Dibaji yake inasema wazi kwamba ilitayarishwa kwa msaada wa kumbukumbu walizoandika baadhi ya waungwana waliokuwa wabunge wa Bunge lililotangulia. Hotuba unayoisoma wewe aliitoa tarehe 22 Machi 1775, na azimio lake la kwanza likakataliwa kwa kura 270 dhidi ya 78. Kijitabu kilitoka mwezi Mei. Wakati huo mapigano ya Lexington huko Amerika yalikuwa yamekwisha kutokea, lakini habari zake zilikuwa bado baharini, hivyo wasomaji wa kwanza wa London walikuwa wakisoma ombi la amani bila kujua kwamba vita vimeanza. Mimi siwezi kuisoma hotuba hiyo bila kukumbuka jambo hili.

Kuhusu tarakimu zilizokutia shaka, tazama hesabu mashuhuri kuliko zote zilizomo. Burke anaeleza kwamba mwaka 1704 biashara yote ya Uingereza ya kuuza bidhaa nje, ikijumlishwa ile ya makoloni, ilikuwa pauni 6,509,000, na kwamba mwaka 1772 biashara ya makoloni peke yake ilifikia pauni 6,024,000. Kwa maneno mengine, makoloni yalikaribia kununua kiasi kile ambacho miaka 68 kabla ya hapo kilinunuliwa na dunia nzima. Hoja hiyo ina nguvu kubwa, lakini inamfaa zaidi mtu mwenye karatasi mkononi kuliko mbunge aliyekwisha kuchoka kitini. Rafiki yake, mshairi Oliver Goldsmith, aliandika katika shairi lililochapishwa mwaka 1774 kwamba Burke aliendelea kunoa hoja akiwaza namna ya kuwashawishi watu, huku wao wakiwaza chakula cha jioni. Wapo waliolichukua hilo kuwa ushahidi kwamba alishindwa kazi. Kwa maoni yangu Burke alikwisha kutambua kwamba ndani ya ukumbi kura zilikuwa zimehesabika kabla hajafungua kinywa, na kwamba wasikilizaji aliowahitaji walikuwa nje. Ndiyo maana tunaendelea kuiita hotuba, na jina hilo ni halali: ni hoja ile ile, iliyotolewa siku ile ile na mbele ya azimio lile lile, ila imepelekwa kwa watu ambao milango ya Baraza iliwazuia wasiisikie.

Ukitaka kupima umbali uliopo kati ya kinywa na kalamu, nenda kwenye kesi ya Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Bengal. Februari 1788, katika ukumbi wa Westminster, Burke alifungua mashtaka mbele ya Baraza la Malodi kwa hotuba iliyochukua siku nne. Safari hii waandishi wa hati mkato walikuwapo kwa kazi hiyo hasa. Hotuba hiyo ilichapishwa baada ya kifo chake na wasimamizi wa maandishi yake, French Laurence na Walker King, ndani ya mfululizo wa kazi zake. Kisha kati ya mwaka 1859 na 1861 yakatolewa maandishi ya kesi hiyo yaliyotokana na hati mkato. Ziweke nakala hizo mbili mezani, uzisome kwa kulinganisha. Ni kazi ya jioni kadhaa, na sijui njia nyingine inayofundisha vizuri kama hiyo.

SWALI: Kitabu cha Burke juu ya Mapinduzi ya Ufaransa kinaanza kama barua, kisha kinaendelea kwa zaidi ya kurasa 300. Kuna pia maandishi yake mengine mengi yenye neno “barua” katika jina. Je, zilitumwa kweli kwa mtu? Na barua zake za kawaida zinapatikana wapi?

JIBU: Katika karne ile barua ilikuwa mojawapo ya namna zilizokubalika za kuandika kijitabu cha siasa. Ilimruhusu mwandishi kuacha mpangilio mkali wa risala, kurudi nyuma, kukasirika, kumshika mkono mtu mmoja huku taifa zima likisikiliza. Kwa hiyo tunapaswa kutofautisha aina tatu, ingawa mipaka yake inaingiliana.

Zipo barua ambazo tangu mwanzo ziliandikwa kwa ajili ya chapa. Ile aliyowaandikia wakuu wa jiji la Bristol mwaka 1777 kuhusu vita vya Amerika ni ya aina hiyo. Zipo zilizoanza kama barua halisi zikakua. Kitabu ulichokitaja kilitokana na maswali ya kijana mmoja Mfaransa, Charles-Jean-François Depont, ambaye Burke alimjibu kwa barua mwaka 1789. Lakini jibu la pili liliendelea kurefuka hadi likatoka dukani tarehe 1 Novemba 1790 likiwa kitabu, na kijana aliyeuliza hakuonekana tena nyuma ya hasira dhidi ya wale Waingereza waliosifu Mapinduzi. Kisha zipo barua za siri, zisizokusudiwa kusomwa na mimi wala wewe.

Aina hii ya tatu huiangazia ile ya pili kwa namna ya ajabu. Februari 1790 Philip Francis, mshirika wake katika kesi ya Hastings, alisoma kurasa za mwanzo za kitabu hicho na kumwandikia bila kumficha kwamba sehemu inayomsifu Malkia Marie Antoinette ni urembo mtupu. Burke alijibu kwamba alipokuwa akiikumbuka siku aliyomwona malkia yule huko Versailles, na kuilinganisha na yaliyompata baadaye, machozi yalimtoka yakalowesha karatasi. Unaweza bado kuiona sehemu hiyo kuwa imezidi. Mimi pia huiona hivyo ninapoisoma peke yake. Baada ya kuisoma barua hiyo, hata hivyo, ni vigumu kusema kwamba aliyeiandika alikuwa akiigiza.

Kuna maandishi moja ningependa uyasome kabla ya yote. Agosti 1794 Burke alifiwa na Richard, mwanawe wa pekee aliyekuwa hai. Mwaka uliofuata Duke wa Bedford alimshambulia katika Baraza la Malodi kwa sababu ya malipo ya uzeeni aliyopewa na Serikali. Burke akajibu mwanzoni mwa mwaka 1796 kwa barua ya wazi kwa lodi asiyetajwa jina. Humo anamkumbusha Duke kwamba utajiri wa ukoo wake ulitokana na ukarimu wa Mfalme Henry VIII, ilhali yeye amelipwa kwa kazi aliyoifanya. Katikati ya hoja hiyo kali, bila kubadilisha sauti, anajifananisha na mwaloni mzee ulioangushwa na tufani, uliong'olewa mizizi na kulala chini. Mtu anaweza kutafuta kwa muda mrefu asipate ukurasa mwingine wa siasa wa karne ile ambamo hesabu za fedha na msiba wa baba vimekaa pamoja bila kusukumana.

Ama barua za kawaida, Burke mwenyewe alizilinda. Mwaka 1770 maelezo ya rafiki yake wa utotoni, Richard Shackleton, kuhusu familia yake yalipotokea gazetini, alikasirika sana, na si vigumu kuelewa sababu: mama yake alikuwa Mkatoliki, na maadui zake walitafuta kila dalili ya kumshutumu kwa dini hiyo. Mwaka 1844 yalitoka majuzuu manne ya barua zake chini ya uhariri wa Earl Fitzwilliam na Sir Richard Bourke. Toleo linalotegemewa leo lina majuzuu kumi, lilitolewa kati ya mwaka 1958 na 1978 chini ya Thomas Copeland, na lilinufaika na nyaraka zilizokuwa zimehifadhiwa na familia ya Fitzwilliam. Hotuba na maandishi ya kuchapishwa yana toleo lake la Oxford la majuzuu tisa, lililoanza mwaka 1981 na kukamilika mwaka 2015. Ukipata nafasi ya maktaba moja tu kwa siku chache, nakushauri uchukue juzuu la barua na juzuu la hotuba za mwaka mmoja, uzisome kwa kufuata tarehe.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Burke aliandika mpango kuhusu watumwa Waafrika? Mbona katika hotuba zake maarufu sikuuona?

JIBU: Ni kweli, na hukuuona kwa sababu haukuwa hotuba. Burke aliutunga karibu mwaka 1780, akauweka. Tarehe 2 Aprili 1792 Baraza la Makabwela liliafiki pendekezo la Henry Dundas, waziri wa mambo ya ndani, kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe polepole, na juma moja baadaye, usiku wa Jumatatu ya Pasaka, Burke alimtumia Dundas mpango huo pamoja na barua. Ulikusudia kudhibiti meli na vituo vya biashara katika pwani ya Afrika, na huko makoloni kulinda ndoa na familia za watumwa, kuwapatia mafundisho na kuwafungulia baadhi yao njia ya kujikomboa. Katika barua yenyewe anakiri kwamba anaona ubinadamu ungenufaika zaidi kwa biashara na utumwa kuendelea vikiwa vimerekebishwa kuliko kwa kuvifuta kabisa. Maneno hayo yanauma, na sioni sababu ya kuyalainisha, ingawa ni kweli pia kwamba mwaka 1789 alisimama bungeni kumuunga mkono William Wilberforce, mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara hiyo.

Rudi sasa kwenye ile hesabu ya mwaka 1775 tuliyoitaja katika jibu la kwanza. Ndani ya jumla ya biashara ya makoloni Burke ametia pauni 866,398 za bidhaa zilizopelekwa Afrika, akieleza kwamba karibu biashara hiyo yote huishia makoloni. Bidhaa hizo zilikuwa bei ya watu, lakini katika hotuba ile ya fahari watu hao wameingia kama mstari mmoja wa hesabu, na mzungumzaji anapita. Miaka mitano hivi baadaye mtu yule yule aliketi kuandika kanuni za nafasi wanayostahili melini na za kutotenganisha mume na mke. Hotuba ilichapishwa ndani ya miezi miwili; mpango ulikaa miongoni mwa karatasi zake kwa takriban miaka 12 kabla ya kufungwa ndani ya bahasha na kupelekwa kwa Dundas.