Jibu: Laptop yangu ThinkPad T430 inachukua dakika tano kuwaka, ninunue nyingine?

Mkuu, usiiuze bado. Umesema ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ileile iliyokuja nayo. Basi mchawi wako ni hiyo diski ya kuzunguka, si prosesa.

Tafuta SSD (diski ya kasi isiyozunguka) yenye kiunganishi cha SATA, ya inchi 2.5; GB 240 inatosha kabisa. Hamisha faili zako kwanza, kisha zima mashine na utoe betri. Chini kuna skrubu moja ya kifuniko cha diski: fungua, vuta diski taratibu, ingiza mpya. Yangu niliibadilisha sebuleni kwa bisibisi ya kawaida, chai haijapoa. Sasa naiwasha na kabla sijavuta kiti vizuri, iko tayari.

RAM fikisha GB 8. Muuzaji mwambie RAM aina ya DDR3 ya laptop, asikupe DDR4, haiingii.

Sasa mfumo wa kuweka kwenye SSD hiyo mpya: Windows 10 iliachwa na Microsoft tangu 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiipokei prosesa yako ya kizazi cha 3. Mimi naweka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwingine mwepesi badala ya Windows. Ila kama kazini unatumia Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), hapo tuongee tena, maana Excel hiyo ni ya Windows.