Mchumi wa afya hapangi bei ya uhai

Ndugu, umeuliza mchumi anatafuta nini kwenye chanjo wakati uhai hauna bei. Kweli hauna, lakini bajeti ya wizara ina mwisho. Anachouliza yeye ni hiki: fedha hizi zikinunua chanjo hii, tutapata miaka mingi zaidi ya maisha yenye afya kuliko zikienda kwingine?

Chukua chanjo ya virusi vya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2013 bei kwa nchi zinazosaidiwa na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, ilishuka hadi dola 4.50 kwa dozi. Juu yake weka majokofu, usafiri na posho za wahudumu wanaowafuata wasichana shuleni, tena zaidi ya mara moja. Ndiyo maana utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza ulikuwa na uzito mkubwa: karibu wasichana wote waliopata dozi moja tu walijenga kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na virusi. Desemba 2022 WHO ikaikubali dozi moja, na Tanzania baadaye ikahamia huko.

Kinachoniuma ni ile desturi ya kupunguza thamani ya faida za baadaye. Kwa asilimia 3 kila mwaka, mwaka wa uhai utakaookolewa miaka 30 ijayo unahesabiwa kama 0.41 tu. Saratani hii huwapata wanawake ukubwani, kwa hiyo kumchanja binti wa miaka 14 leo kunaonekana ghali kuliko kulivyo. Ukisoma ripoti ya namna hii, tafuta kwanza asilimia waliyotumia.