Kumtunza Sheltie: manyoya, kubweka, na dawa moja ya kuogopa

Sheltie, yaani mbwa wa aina ya Shetland Sheepdog, asili yake ni visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, penye upepo na mvua. Huko alichunga kondoo, akawafukuza wasiingie mashambani, na kubweka kila alipoona kitu kigeni. Kimo chake ni kama sentimita 33 hadi 41 begani, na wengi wana kilo 7 hadi 11. Kwa udogo huo watu humfuga kama mbwa wa kupakata, na shida nyingi huanzia hapo.

Manyoya yake yana tabaka mbili: ya nje ni marefu na magumu, ya ndani ni mafupi, laini na yamesongamana kama pamba. Ukipitisha brashi juu juu mbwa atang'aa, kumbe chini karibu na ngozi mafundo yanajisokota. Mchane mara mbili kwa wiki, dakika 20 hadi 30, na kila siku anapopukutisha. Mlaze ubavu, mpulizie maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, maana unywele mkavu hukatika upesi. Inua manyoya kwa mkono mmoja mpaka uone mstari wa ngozi, kisha chana kwa brashi ya pini kuanzia kwenye mstari huo kwenda nje, shungi jembamba baada ya jingine. Malizia kwa kitana cha chuma. Kikikwama, kuna fundo ulilolipita.

Pabaya kuliko pote ni nyuma ya masikio. Manyoya ya hapo ni membamba kama hariri, na mbwa akijikuna mara mbili tatu yanageuka kidonge kigumu cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kipake wanga wa mahindi, kiachanishe kwa vidole kuanzia nchani kuja kwenye ngozi, halafu ndipo upitishe kitana. Ukianzia kwenye ngozi unamuumiza, na siku nyingine akiona brashi atajificha. Kama ni lazima kukata, chomeka kitana kati ya ngozi na fundo, mkasi upite juu ya kitana. Fundo huvuta ngozi ikasimama ndani yake, ndiyo maana wengi hukata sikio bila kutarajia. Kagua pia kwapani, chini ya kola na nyuma ya mapaja.

Kuoga kila wiki 6 hadi 8 kunatosha. Mchane kabla, kwa sababu maji hukaza fundo likawa kama gamba. Suuza mpaka maji yatoke safi, kisha mkaushe mpaka ngozini. Kwenye unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam tabaka la ndani hubaki bichi kwa saa nyingi, na chini yake hutokea kidonda chenye majimaji. Na tafadhali usimnyoe eti umpunguzie joto. Manyoya yakirudi huweza kuwa ya viraka, na kwa sasa umemwondolea kinga ya jua. Mtoe matembezini kabla ya saa 1 asubuhi, na mwondolee manyoya yaliyokufa ndani ili hewa ipite.

Sasa soma hili kwa makini. Baadhi ya Sheltie huzaliwa na kasoro ya jeni iitwayo MDR1, iliyogunduliwa mwaka 2001. Jeni hiyo hutengeneza kitu kama pampu inayozuia dawa fulani zisiingie kwenye ubongo. Kwa mbwa mwenye kasoro, pampu haifanyi kazi, na ivermektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu, hujikusanya kichwani. Kwetu ivermektini iko katika kila duka la dawa za mifugo, na watu huwadunga nayo mbwa wenye upele. Piga hesabu: sindano ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika mililita 1. Mbwa wa kilo 8 akipewa mililita hiyo moja, amepata maikrogramu 1,250 kwa kila kilo. Mwenye kasoro huanza kudhurika kwenye kama maikrogramu 100 kwa kilo. Dozi ndogo ya kuzuia minyoo ya moyo, maikrogramu 6 kwa kilo, haina shida.

Dalili ni kuyumba, mate kumtoka, mboni za macho kupanuka, kutoona, kisha kuzimia. Hakuna dawa mahususi ya kuitengua, kwa hiyo mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Mzuie pia asile mavi ya ng'ombe au farasi waliotibiwa karibuni, na usimpe loperamidi, ile dawa ya watu ya kuzuia kuhara. Kwa kumtazama tu huwezi kujua kama ana kasoro. Kipimo ni cha ute wa shavuni, mara moja maishani. Kama hajapimwa, mchukulie kuwa anayo, na mwambie daktari hivyo kabla ya dawa yoyote ya usingizi.

Kuhusu kubweka: ukimfokea, kwake umejiunga naye. Mwache abweke mara mbili au tatu, msogezee puani kipande cha nyama kidogo kama punje ya dengu. Atanyamaza ili anuse. Hapo hapo sema "kimya", hesabu sekunde 1, mpe. Ongeza polepole: 3, 5, 10. Neno lisitangulie ukimya siku za mwanzo, vinginevyo litakuwa kelele tu. Dakika 5 mara tatu kwa siku zinamtosha. Vipande hivyo vipunguze kwenye chakula cha jioni, maana unene hujificha chini ya manyoya. Pima kwa vidole: mbavu uzihisi bila kukandamiza.

Kukimbiza bodaboda, baiskeli na watoto ndiyo hatari inayoua. Anafuata mwendo, kama alivyofuata kondoo, na kumpiga hakuondoi hilo. Mfunge kamba ya mita 5, simama mita 30 kutoka barabarani. Chombo kikipita, subiri akugeuzie macho, hata kwa nukta moja, sema "vizuri" na mpe nyama. Akishakugeukia mwenyewe mara tano mfululizo, sogea mita 3. Akikataa nyama, umesogea mno. Rudi nyuma mpaka aanze kula tena. Asifunguliwe kamba karibu na barabara, hata baada ya miezi ya mazoezi mazuri.